Dalali wa hisa: ujue unamlipa kwa kazi gani

Ndugu Mhariri,

Anayetafuta chumba Sinza au Tandika anajua kabla hajatoka nyumbani kwamba dalali atachukua kodi ya mwezi mmoja. Inamuuma, lakini analipa, kwa sababu kazi ameiona: amezungushwa vichochoroni, ameonyeshwa vyumba vitatu, amekutanishwa na mwenye nyumba. Kwenye hisa mambo hayako hivyo. Wengi wanaonunua hisa katika jiji hili la Dar es Salaam hukatwa kamisheni bila kujua imekatwa kwa ajili ya ushauri, kwa ajili ya kupeleka oda sokoni tu, au kwa vyote viwili. Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nilifafanue jambo hili, maana siku hizi kila mwenye simu anaambiwa anaweza kununua hisa, na swali la kwanza analouliza ni "dalali gani ana bei nafuu?" Swali si baya, ila limeanzia katikati.

Mgawanyo wa madalali wa huduma kamili, wanaoshauri na kununua, na madalali wa bei nafuu, wanaopeleka oda tu, umetoka mbali. Tarehe 17 Mei 1792 madalali 24 wa New York walitia saini makubaliano ya kutomtoza mteja chini ya robo ya asilimia moja. Desturi ya kamisheni isiyoshindaniwa ikadumu hadi 1 Mei 1975, mamlaka ya Marekani ilipoifuta. Hapo wakajitokeza akina Charles Schwab na wenzao na tangazo jepesi: sisi hatukushauri wala hatukuandikii uchambuzi, wewe sema unataka nini, sisi tutanunua na tutakutoza kidogo. London ilifungua mlango huo tarehe 27 Oktoba 1986. India wakampata dalali wao wa bei nafuu, Zerodha, mwaka 2010. Oktoba 2019 madalali wakubwa wa Marekani wakashusha kamisheni ya hisa za kwao hadi sifuri. Hawakugeuka kuwa wafadhili: wanakula riba ya fedha za wateja zilizolala kwenye akaunti, na baadhi hulipwa na makampuni makubwa yanayopokea oda za wateja wao.

Dar es Salaam hatuna kambi mbili za namna hiyo. Soko letu la hisa lilifungua biashara Aprili 1998, hisa ya kwanza ikiwa ya kampuni ya gesi ya TOL, na tangu hapo ofisi ya dalali imekuwa duka lenye kila kitu: hapo hapo unafunguliwa akaunti, unapewa ushauri, unanunuliwa hisa na hatifungani (hati ya mkopo unaoukopesha kwa riba, mfano kwa serikali), na unasaidiwa kufuatilia gawio, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa. Hata anayetumia Hisa Kiganjani, programu ya simu ya kununulia hisa, oda yake bado inapita kwa dalali mwenye leseni, na kamisheni inakatwa kama kawaida. Kwa maneno mengine, "bei nafuu" ya kwetu mara nyingi haipo kwenye bei. Ipo kwenye kazi: umemfanyisha dalali kazi ndogo zaidi kwa malipo yale yale. Aliyebonyeza simu akiwa kwenye daladala Ubungo na aliyekaa ofisini saa nzima akichambuliwa hesabu za benki wanaweza kukatwa asilimia ileile.

Kwa hiyo mwananchi wa hapa hachagui ofisi tu. Kwa kila oda anachagua kazi gani anaitaka, halafu anaidai.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayokimbiwa. Chukua oda ya shilingi 1,000,000. Kwa mfano, tuweke kamisheni ya dalali asilimia 1.7, VAT ya asilimia 18 juu ya kamisheni hiyo, na tozo nyingine zote (za soko, za mamlaka inayolisimamia, za mfuko wa fidia, za hifadhi inayoandika nani anamiliki hisa gani) jumla asilimia 0.36. Kamisheni inakuwa 17,000. VAT 3,060. Tozo 3,600. Jumla 23,660. Ukiuza kwa bei ileile uliyonunulia, unakatwa tena kiasi kama hicho: 47,320 zimekwenda, na bei haijashuka hata shilingi. Hisa hiyo inatakiwa ipande karibu asilimia 4.85 ndipo urudishe fedha yako kamili.

Sasa angalia watu wawili. Mmoja amenunua na atakaa nazo miaka 10 akila gawio. Kwake gharama hiyo, ikigawanywa kwa miaka, haifiki hata nusu ya asilimia kwa mwaka. Wa pili ananunua na kuuza kila mwezi kwa sababu amesikia tetesi. Kwa mtaji uleule wa milioni moja atalipa 567,840 kwa mwaka, zaidi ya nusu ya mtaji. Huyu wa pili ndiye anayemnufaisha dalali, na hapa ndipo ushauri wa bure unapohitaji kutazamwa kwa jicho kali. Anayelipwa kwa kamisheni hupata kitu ukinunua na hupata kitu ukiuza. Ukikaa kimya hapati. Sisemi kwamba madalali wetu ni watu wabaya. Nasema malipo yao yamefungwa kwenye mwendo wa oda, kwa hiyo neno "badilisha hisa zako" likitoka kwao, uliza sababu na uidai kwa maandishi. Kipimo kimoja cha dalali anayejiita wa huduma kamili: muombe taarifa zote za uchambuzi alizotoa miezi 12 iliyopita. Kama hazipo, hana huduma kamili. Kama zipo na hakuna hata moja iliyosema "uza" au "subiri", anachotoa ni matangazo.

Lakini kamisheni siyo gharama kubwa kuliko zote. Hili ndilo ambalo wanunuzi wapya hawalioni kabisa.

Hisa nyingi katika soko letu hazibadilishi mikono kila siku. Zipo kaunta, yaani hisa za kampuni fulani sokoni, zinazomaliza wiki bila muamala wa maana. Kwenye kaunta kama hiyo kunakuwa na pengo kati ya bei ya juu anayokubali mnunuzi na bei ya chini anayokubali muuzaji. Fikiria kampuni ambayo wanunuzi wamesimama 500 na wauzaji wanaanzia 540. Unataka hisa 2,000. Kwenye kitabu cha oda, yaani orodha ya oda zinazosubiri sokoni, kuna hisa 600 zinazouzwa 540, nyingine 700 kwa 550, na 700 kwa 560. Ukimwambia dalali "nunua kwa bei ya soko", atafagia zote tatu: 324,000, na 385,000, na 392,000. Jumla 1,101,000, wastani wa shilingi 550.5 kwa hisa. Ungeweka bei ya ukomo, yaani bei ya juu kabisa unayokubali kulipa, 510 na kusubiri wiki mbili, ikapatikana, ungelipa 1,020,000. Tofauti ni 81,000. Linganisha na punguzo la kamisheni: dalali akikushushia kutoka asilimia 1.7 hadi 1.2 kwenye milioni moja, umeokoa 5,900 pamoja na VAT yake. Watu wanazunguka mjini kutafuta hiyo 5,900 huku wakiacha 81,000 mezani kwa sababu hawakuuliza kitabu cha oda kinasemaje.

Kusubiri nako kuna hatari yake, bei inaweza kukimbia ukabaki na 510 yako mkononi. Ndiyo maana ukomo unawekwa kwa kuangalia oda zilizopo na mwenendo wa wiki kadhaa, na siyo kwa kutamani. Dalali mzuri, hata kama hatoi ushauri wa aina yoyote, atakusomea kitabu cha oda kwenye simu ndani ya dakika mbili: wanunuzi wangapi, bei gani, idadi gani, wauzaji vivyo hivyo. Asiyeweza kukusomea hicho asikutoze hata kamisheni ya kupeleka oda.

Mazungumzo yanayoharibu fedha za watu yanakwenda hivi:

"Dada, habari za kazi. Naomba uninunulie hisa za laki tano za ile benki."

"Nzuri kaka. Kwa bei gani?"

"Hiyo hiyo ya leo."

Bei ya leo ipi? Bei iliyochapishwa jana jioni ni ya kufungia soko, na pengine ilitokana na muamala wa siku tatu nyuma. Oda kamili ina jina la kampuni, kununua au kuuza, idadi ya hisa na siyo kiasi cha fedha peke yake, bei ya ukomo, muda ambao oda itaishi (siku moja, wiki, mwezi), kama unakubali ipatikane kwa vipande, na namba yako ya akaunti ya hifadhi, ile inayoandikwa hisa zako. Andika yote hayo kwenye barua pepe au ujumbe wa WhatsApp, hata kama mmezungumza kwa simu. Oda ya mdomo ikikosewa, haina shahidi. Oda isiyo na muda nayo ina madhara yake: unaisahau, miezi miwili baadaye bei inashuka kwa habari mbaya, na oda yako ya zamani ndiyo inayodaka hisa ambazo kila mtu anazikimbia.

Baada ya muamala dalali anapaswa kukupa hati ya muamala huo. Usiiweke mfukoni kabla hujaisoma. Angalia tarehe, idadi, bei, kisha kila makato kwenye mstari wake. Jumlisha mwenyewe. Fedha na hisa hubadilishana siku ya 3 ya kazi baada ya muamala: ukiuza Alhamisi, tegemea Jumanne, na sikukuu ikiingia katikati, sogeza mbele. Mzazi anayeuza hisa Ijumaa ili alipe ada Jumatatu anajitafutia mkopo wa riba kubwa bila sababu.

Kuna jambo dogo linalochelewesha watu wengi kuliko soko lenyewe: majina. Kitambulisho cha NIDA kinasema Mohamed, akaunti ya hifadhi imeandikwa Mohamedi, akaunti ya benki ina majina mawili wakati hivyo vingine vina matatu. Kununua kunaweza kupita. Siku ya kuuza, au siku gawio linapotumwa benki, malipo yanakwama. Kabla hujatuma shilingi ya kwanza, hakikisha majina, tahajia na mpangilio wake, vinafanana sehemu zote tatu. Ukibadilisha benki au namba ya simu, peleka taarifa ya mabadiliko kupitia dalali wako na udai uthibitisho kwamba imefika kwenye hifadhi. Gawio lisilodaiwa haliji lenyewe kukutafuta Mbagala. Na ukishalipokea, ujue kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa kampuni zilizoorodheshwa imeshakatwa, usidhani umeibiwa.

Kwa mtu anayenunua hisa za kampuni kubwa mbili au tatu zinazouzwa kila siku, anaweka kiasi kidogo kila robo mwaka na hana mpango wa kuuza, sioni kwa nini alipie ushauri. Atumie simu, aweke ukomo, asome hati zake, basi. Na anayeona hata hilo linamlemea, mifuko ya uwekezaji wa pamoja ipo, ukiwemo wa Umoja ulioanza 2005, na huko kazi ya kuchagua inafanywa na meneja.

Yapo mambo ambayo naona kulipia mtu anayejua ni halali kabisa, na la kwanza ni hatifungani za serikali kwenye soko la upili, yaani zile zinazouzwa na wawekezaji waliokwisha kuzinunua.

Kwenye mnada wa Benki Kuu, zinakouzwa zikiwa mpya, kiwango cha chini ni shilingi milioni moja na mambo ni mepesi kidogo. Ukinunua kutoka kwa mwekezaji mwingine, mitego inaanza. Kabla ya riba kushushwa 2022, hatifungani ya miaka 20 ilikuwa na kuponi, yaani riba ya mwaka juu ya thamani iliyoandikwa, ya asilimia 15.49. Mwananchi anaisikia 15.49 anaruka. Haulizi bei. Tuseme muuzaji anataka 120 kwa kila 100 ya thamani iliyoandikwa, na hatifungani imebakiza miaka 16. Kwa thamani ya milioni 10 utalipa milioni 12. Juu yake utamlipa muuzaji riba iliyokwisha kujikusanya tangu malipo ya mwisho. Kama ni miezi mitatu, ni 387,250. Umetoa 12,387,250 kabla ya gharama. Kila miezi sita utapokea 774,500, ambayo kwa mwaka ni 1,549,000, sawa na asilimia 12.9 ya milioni 12 zako, siyo 15.49. Na siku hatifungani inapoiva serikali itakurudishia milioni 10, siyo 12. Ukiingiza na hiyo, pato lako halisi ni kama asilimia 12.6 kwa mwaka. Huenda bado ni biashara nzuri. Inategemea mnada mpya unatoa nini wiki hiyo. Lakini mstaafu anayetumia kiinua mgongo chake anastahili kuonyeshwa hesabu hii kwenye karatasi, mstari kwa mstari, kabla hajatia saini. Dalali anayeifanya amepata haki yake yote. Anayekutajia kuponi tu na kukupa kalamu, mkimbie.

La pili ni mirathi. Mzee amefariki, familia inakuta stakabadhi za hisa za 2006 au 2009 kwenye sanduku, baadhi zikiwa na anwani ya posta ya mwajiri wa zamani. Hapa programu ya simu haisaidii kitu. Inatakiwa hati ya kifo, hati ya mahakama ya kumteua msimamizi wa mirathi, vitambulisho vya warithi, kufunguliwa akaunti za hifadhi kwa kila mrithi asiyekuwa nayo, kisha hisa zihamishwe nje ya mnada wa kawaida kwa mgawo ulioidhinishwa. Kosa linalorudiwa ni familia kuuza kwanza kwa kutumia simu ya marehemu, ili "kupunguza usumbufu". Huo ni muamala wa mtu aliyekwisha kufa, na utawarudia warithi mahakamani. Dalali mwenye watu wazoefu wa kazi hii atawaambia mapema hati gani ina kasoro, badala ya kuwaacha warudi mahakama ya Kisutu mara tatu. Muulizeni ada yake mwanzoni, kwa sababu hapa hakuna asilimia ya oda; kuna muda wa mtu.

La tatu ni oda kubwa kwenye kaunta nyembamba. Mwenye hisa 200,000 za kampuni inayouza hisa 1,000 kwa siku akiziweka zote kwenye kitabu asubuhi moja, atawafukuza wanunuzi wote. Kinachotakiwa ni dalali mwenye orodha ya taasisi na wateja wengine, anayeweza kutafuta mnunuzi mmoja, au kuzitoa kidogo kidogo kwa majuma. Kwenye ukubwa huo asilimia ya kamisheni nayo hupungua kwa ngazi, na ndipo mazungumzo ya bei yanapokuwa na maana.

Kuhusu hisa mpya zinazotolewa kwa mara ya kwanza nitasema kwa kifupi. Mwombaji halipi kamisheni, na hilo hufanya zionekane kama za bure. Dalali analipwa na kampuni inayouza. Ushauri wake siku hizo una mlipaji mwingine, usome mwenyewe waraka wa matarajio, yaani maelezo rasmi ya kampuni inayouza hisa. Hisa za Vodacom Tanzania ziliuzwa shilingi 850 mwaka 2017, na baadaye sokoni zilishuka chini ya hapo zikakaa huko kwa muda mrefu. Aliyenunua akidhani bei ya toleo ni sakafu alijifunza kwa fedha yake.

Kisha kuna programu za nje zinazotangazwa kwa vijana kila wanapofungua simu: "kamisheni sifuri". Kwanza tenganisha vitu viwili. Dalali wa Marekani anayekuuzia hisa yenyewe ni jambo moja. Tovuti inayokufanya ubashiri kama bei ya dhahabu au sarafu itapanda, kwa mtaji wa kukopeshwa, ni jambo jingine kabisa. Huko humiliki chochote. Mamlaka ya masoko ya Ulaya ilipochunguza mikataba ya aina hiyo, mwaka 2018 ilieleza kuwa kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za wateja wadogo hupoteza fedha. Nambari hiyo iandikwe ukutani kwenye kila hosteli ya chuo Mlimani.

Hata kwa hisa halisi, sifuri hiyo siyo sifuri kwa Mtanzania. Unabadilisha shilingi kuwa dola kwa bei ya kuuzia, ukirudi unabadilisha kwa bei ya kununulia. Unalipa ada ya kutuma. Kama ni dola 30 na umetuma dola 300, asilimia 10 imekwenda kabla hujanunua. Gawio la kampuni ya Marekani hukatwa kodi ya asilimia 30, kwa kuwa hatuna mkataba wa kodi na Marekani unaoipunguza. Na mtu asiye raia wala mkazi wa kule akifariki akiwa na mali ya Marekani, zikiwemo hisa, zinazozidi dola 60,000, warithi wanaingia kwenye kodi ya mirathi ya huko. Juu ya hayo, sheria zetu za fedha za kigeni zina masharti juu ya mkazi kuwekeza nje. Waulize Benki Kuu au benki yako kabla ya kutuma, usingoje akaunti ikwame.

Usalama ni rahisi kuukagua, na bado watu hawakagui. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, iliyoundwa kwa sheria ya 1994, ina orodha ya walio na leseni kwenye tovuti yake. Angalia jina la kampuni, kisha aina ya leseni, kwa sababu dalali, mshauri wa uwekezaji na meneja wa fedha ni leseni tofauti. Mwenye leseni ya udalali hana ruhusa ya kukushikia fedha na kuamua peke yake akununulie nini. Fedha ilipwe kwenye akaunti ya benki yenye jina la kampuni, iliyotengwa kwa ajili ya wateja. Ukipewa namba ya simu ya mfanyakazi, hata awe mjomba wako, kataa. Hisa zako hazikai kabatini kwa dalali. Zimeandikwa kwa jina lako kwenye hifadhi kuu ya soko, na hatifungani za serikali zimeandikwa Benki Kuu. Dalali akifunga ofisi leo, mali yako bado ipo, na unaweza kuhudumiwa na mwingine. Omba taarifa ya akaunti moja kwa moja kutoka hifadhi angalau mara mbili kwa mwaka, uilinganishe na unachoambiwa ofisini. Inachukua nusu saa. Wizi mwingi kwenye biashara hii, popote duniani, huishi katika nafasi kati ya karatasi hizo mbili.

Ndugu Mhariri, nina maombi mawili. La kwanza ni kwa madalali: andikeni kwenye karatasi moja, kwa Kiswahili, mteja anakatwa nini kwa oda ya shilingi 100,000, ya milioni moja na ya milioni 20, kwa kununua na kwa kuuza, kisha mwonyeshe mteja wa simu anayejihudumia mwenyewe anapunguziwa kiasi gani. Kama hapunguziwi, mwambieni anayo haki ya kupiga simu na kushauriwa, maana ameshalipia.

La pili ni kwako. Jedwali la soko mnalochapisha lina bei ya kufungia na mabadiliko yake. Ongezeni safu tatu: bei ya juu ya mnunuzi, bei ya chini ya muuzaji, na tarehe ya mwisho hisa hiyo ilipouzwa. Nafasi itapatikana hata kama maandishi yatapungua ukubwa kidogo. Msomaji wa Temeke au Kigamboni ataona kwa jicho lake kwamba "bei ya leo" ya kampuni fulani ni ya wiki iliyopita, na atajua aweke ukomo wapi kabla hajapiga simu kwa dalali yeyote.

Msomaji wako,
Upanga, Dar es Salaam